Ramani inasema msitu, ardhi inasema shamba: kutafuta kosa katika ramani za misitu ya kitropiki

Ramani ya misitu ikikataa kulingana na hali ya ardhini, wengi hukimbilia kubadili algoriti, yaani kanuni ya kompyuta inayoamua kila pikseli ya picha ni msitu au si msitu. Algoriti ya Random Forest inaachwa, ya mtandao wa neva inaletwa, muda unapita na kosa liko palepale. Mara nyingi algoriti haina hatia. Kosa limejificha nyuma yake: kwenye tarehe ya picha, kwenye namba zilizosomwa kabla ya kurekebishwa, au kwenye kigezo cha msitu ambacho hakuna aliyekiandika popote. Kwa hiyo usiguse algoriti mpaka haya mengine yawe yamekaguliwa.

Kwanza kabisa, itazame picha yenyewe kwa macho. Weka infraredi ya mawimbi mafupi kwenye rangi nyekundu, infraredi ya karibu kwenye kijani, na bendi nyekundu kwenye buluu (bendi ni kipande cha mwanga ambacho setilaiti hukipima peke yake). Kwa setilaiti za Kimarekani za Landsat 8 na 9 hizo ni bendi 6, 5 na 4; kwa zile za Ulaya za Sentinel-2 ni 11, 8 na 4. Msitu utaonekana kijani, udongo mtupu utakuwa na rangi ya waridi, maji yatakuwa meusi. Sehemu kubwa ya matatizo yanayofuata huonekana hapo hapo, kabla hujaandika mstari mmoja wa msimbo. Inashangaza ni watu wangapi wanaoitazama ramani kutwa nzima bila kuifungua picha iliyoizaa.

NDVI haina maana, au imeporomoka ghafla eneo zima

NDVI ni kipimo cha ukijani: infraredi ya karibu kutoa nyekundu, kugawanya kwa jumla yao. Msitu mnene wa kitropiki kwa kawaida huwa na NDVI kati ya 0.7 na 0.9. Ukipata 0.35 mahali unapojua miti imefungana, usianze kuwatafuta wakata mbao. Kagua kwanza kama umesoma namba ghafi.

Katika data za Landsat za Mkusanyo wa Pili (Collection 2), uakisi wa uso wa ardhi hupatikana kwa kuzidisha namba ya pikseli kwa 0.0000275 kisha kutoa 0.2. Katika Mkusanyo wa Kwanza ilikuwa ni kuzidisha kwa 0.0001 tu, na hata ukisahau, NDVI ilitoka sawa kwa sababu kizidishio hujifuta wakati wa kugawanya. Ile 0.2 haijifuti. Chukua pikseli yenye 8,500 kwenye bendi nyekundu na 18,000 kwenye infraredi ya karibu. Namba ghafi zitakupa NDVI ya 0.36, ilhali jibu sahihi ni 0.79. Msimbo wa zamani uliorithiwa kutoka kwa mwenzako ndio unaoleta balaa hili, kwa sababu hautoi onyo lolote. Unaendelea kufanya kazi vizuri tu, na unakosea.

Sentinel-2 ina mtego wake. Kuanzia tarehe 25 Januari 2022, toleo la uchakataji namba 04.00 liliongeza 1,000 kwenye namba za kila bendi. Asiyeipunguza ataona msitu uliokuwa na NDVI ya 0.82 Desemba 2021 ukisoma 0.51 Februari 2022, bila jani hata moja kuanguka. Ukiona ufyekaji uliotokea wiki moja katika nchi nzima, sababu ni hiyo. Usiamue kwa kutazama tarehe ya picha peke yake, maana picha za miaka ya nyuma nazo zimekuwa zikichakatwa upya. Soma toleo la uchakataji kwenye metadata, yaani maelezo yanayoambatana na picha. Wanaotumia Google Earth Engine, jukwaa la kuchakata picha mtandaoni, wachague mkusanyo wenye neno HARMONIZED, ambao umeshaondoa hiyo 1,000.

Na ukipata NDVI hasi katikati ya msitu, hesabu namba za bendi. Bendi ya 4 ni infraredi ya karibu kwenye Landsat 5 na 7, lakini kwenye Landsat 8 na 9 ni nyekundu.

Miombo inatoweka mwaka huu, mwaka ujao inarudi

Hii ndiyo dalili inayostahili muda wako kuliko zote, kwa sababu misitu ya wazi ya nchi za joto ndiyo inayoramaniwa vibaya kuliko misitu mingine. Mbinu nyingi zilikomazwa kwenye misitu ya mvua, ambako kijani ni kijani mwaka mzima. Ukizichukua jinsi zilivyo ukazipeleka Zambia, Malawi, Angola, Msumbiji au kusini mwa Tanzania, zitakuaibisha.

Miti ya miombo, yaani jamii za Brachystegia na Julbernardia kwa sehemu kubwa, hupukutisha majani kuelekea mwisho wa kiangazi, hasa Agosti na Septemba. Kisha, jambo ambalo huwachanganya wengi, huchipua majani mapya kabla ya mvua kunyesha, na machipukizi hayo mara nyingi huwa mekundu au ya rangi ya shaba. Picha ya Septemba kwa hiyo inaweza kuonyesha miti mitupu kwenye kilima kimoja, miti myekundu kwenye kilima cha pili, na majivu ya moto kwenye kilima cha tatu, na vyote vitatu ni msitu uleule. Algoriti ikifundishwa kwa picha hiyo itajifunza kalenda badala ya miti.

Wengine hukwepa tatizo hilo kwa kuchagua picha za masika. Huko kuna tatizo la upande wa pili: nyasi nazo zimekuwa kijani. Setilaiti inatazama kutoka juu, na kijani cha nyasi kati ya miti kinajumlishwa na cha majani, kwa hiyo eneo lenye miti michache na nyasi ndefu linafanana na msitu uliofunga. Mahindi yaliyokomaa pia yanaingia kwenye msitu. Na ukiacha hayo, mawingu ya masika hayakuachii picha za kutosha.

Dirisha zuri ni mwanzo wa kiangazi. Kusini mwa Ikweta, mahali mvua zinapoisha Aprili, miezi ya Mei na Juni huwa na hali ambayo haitarudi tena mwaka huo: nyasi zimekauka, mavuno yametoka mashambani au yanatoka, miti bado ina majani, mawingu yamepungua, na moto haujasambaa. Tofauti kati ya mti na kisicho mti huwa kubwa kupita wakati mwingine wowote. Kama una nafasi ya kutumia kipindi kimoja tu, tumia hicho. Kama una nafasi ya vipindi viwili, ongeza cha kiangazi kikali, kisha ipe algoriti picha za vyote viwili pamoja. Mti wa kudumu na kijani, mti wa kupukutisha, nyasi na shamba vitajitenga kwa jinsi vinavyobadilika kutoka kipindi kimoja hadi kingine.

Kanuni hiyo haihamishiki kama ilivyo. Kaskazini mwa Ikweta miezi inageuka. Kwenye caatinga, misitu mikavu ya vichaka ya Brazili, na kwenye misitu ya misaji ya India, vipindi ni vyake. Hata ndani ya eneo moja kuna wakaidi: mti wa Faidherbia albida huvaa majani kiangazi na kuyavua mvua zikinyesha, kinyume na jirani zake wote. Njia salama ni kuchora NDVI ya pikseli kadhaa kwa miaka mitatu mfululizo kabla ya kuchagua mwezi. Utaona mawimbi. Msitu wa kupukutisha una wimbi pana linaloshuka taratibu. Shamba lina wimbi jembamba linalopanda haraka na kuanguka wakati wa mavuno. Msitu wa kijani cha kudumu karibu hauna wimbi.

Mawimbi hayo hayo ndiyo yanayotatua suala la moto. Moto wa kiangazi unaopita chini ya miti huacha ardhi nyeusi, infraredi ya karibu inaanguka, na kila kipimo cha mabadiliko kinapiga kelele kwamba msitu umefyekwa. Subiri mvua. Mti uliounguzwa nyasi za chini yake utarudi kwenye kilele chake cha kawaida msimu unaofuata, ila mahali miti ilipokatwa wimbi linabadilika umbo: kilele kinachelewa, kiangazi kinakuwa kikavu kuliko zamani. Kwa hiyo usihesabu upotevu wowote kwenye misitu ya wazi mpaka uwe umedumu kupita kipindi kimoja cha mvua. Utachelewa kutoa taarifa kwa miezi kadhaa. Ni gharama ninayoiona halali, isipokuwa kama kazi yako ni kutoa tahadhari za haraka kwa doria. Kwa kukagua moto wenyewe, data za maeneo yaliyoungua za kifaa cha setilaiti cha MODIS, ziitwazo MCD64A1, zipo za kila mwezi kwa pikseli za mita 500. Ni pana mno kwa mioto midogo, lakini zinatosha kukuonyesha kama eneo lako la upotevu ni kovu la moto mkubwa.

Mashamba ya miti yamejificha ndani ya msitu

Michikichi, mpira, mikaratusi, na kakao au kahawa iliyopandwa chini ya kivuli vyote vinaweza kusoma kama msitu wa asili, na vingine husoma kama msitu bora kuliko msitu. Kuna sababu ya kimaumbile. NDVI hujaa: majani yakishafika tabaka tatu au nne juu ya kila mita ya mraba ya ardhi, kuongeza mengine hakubadilishi namba tena. Juu ya hilo, msitu mkongwe una vilele virefu na vifupi vinavyotiana vivuli, hivyo unakuwa mweusi kidogo, ilhali kichaka kinachochipuka baada ya kufyekwa ni laini na hung'aa kwenye infraredi ya karibu. Ndiyo maana eneo lililofyekwa miaka michache iliyopita linaweza kuwa na NDVI kubwa kuliko msitu ambao haujawahi kuguswa. Anayepanga ubora wa msitu kwa NDVI anaupanga kinyume.

Infraredi ya mawimbi mafupi husaidia, kwa kuwa huathirika zaidi na vivuli na unyevu. Rada ya mawimbi marefu, ya bendi L, husaidia kutenga michikichi, ambayo mashina na makuti yake hurudisha mawimbi kwa namna yake. Lakini silaha kubwa ni historia. Rudi nyuma kwenye Landsat uone kama mahali hapo palikuwa patupu mwaka wowote, kisha pakapanda kwa mkupuo mmoja eneo lote kwa pamoja, likiwa na kingo zilizonyooka. Msitu wa asili hauzaliwi kwa mistari. Kuhusu kakao na kahawa za kivulini, niseme wazi: kwa pikseli za mita 30 mara nyingi hutazitenga, na ni heri kuziweka kwenye kundi lao la mashaka kuliko kuzigawa kwa kubahatisha.

Mashimo, mistari na viraka vya mraba

Mistari ya mshazari inayopana kuelekea kingo za picha ni ya Landsat 7. Kifaa chake cha kunyoosha mistari ya skani kiliharibika tarehe 31 Mei 2003, na tangu hapo kila picha ilikosa takriban asilimia 22 ya pikseli zake. Usizijaze kwa kukadiria kutoka pikseli za jirani. Jaza kwa picha za tarehe nyingine au ziache tupu.

Viraka vikubwa vyenye kingo zilizonyooka huwa ni mipaka ya njia za setilaiti, mahali upande mmoja umejengwa kwa picha za Mei na upande wa pili kwa picha za Septemba. Kwenye msitu wa mvua hutaona tofauti. Kwenye miombo utaona ukuta.

Mawingu ni hadithi ndefu zaidi. Kwenye pwani ya Gabon na Kamerun, au Borneo, unaweza kumaliza mwaka bila picha hata moja iliyo safi kutoka kona hadi kona, licha ya Sentinel-2 mbili kupita kila siku 5 na Landsat mbili kila siku 8. Kwa hiyo hujengi ramani kwa picha, unaijenga kwa pikseli: unachuja mawingu, unarundika kilichobaki, unachukua mediani, yaani thamani ya katikati. Njia hii ni nzuri mpaka pale pikseli inapobaki na vipimo vitatu, na viwili kati yake vina ukungu mwembamba uliopenya kichujio. Hapo mediani ni ukungu. Tengeneza ramani ya idadi ya vipimo safi kwa kila pikseli na uiweke kando ya ramani ya misitu. Mahali idadi iko chini ya vitano, mimi siamini chochote mpaka nimeona kwa macho. Dawa ni kupanua dirisha hadi miaka miwili au mitatu kwenye misitu ya mvua, na kupanua kingo za mawingu yaliyochujwa kwa pikseli kadhaa, maana kivuli na ukungu hukaa pembezoni.

Kichujio nacho kinaweza kukosea kwa kuchuja kupita kiasi. Sentinel-2 haina bendi ya joto, kwa hiyo kitu chochote cheupe na king'aacho kinaweza kuitwa wingu: paa la bati, mchanga, na hata eneo jipya lililofyekwa lenye udongo mkavu. Hapo kichujio kinafuta ushahidi wenyewe uliokuwa ukiutafuta. Shimo linalobaki mahali palepale picha baada ya picha si wingu. Mawingu huhama.

Moshi wa kiangazi ni rahisi kuliko mawingu, kwa kuwa infraredi ya mawimbi mafupi huupenya vizuri kuliko bendi za mwanga unaoonekana. Wakati wa moto, acha NDVI utumie NBR, kipimo kinacholinganisha infraredi ya karibu na ile ya mawimbi mafupi.

Milimani, upande mmoja ni msitu na mwingine ni ziwa

Landsat na Sentinel-2 hupita asubuhi, kati ya saa nne na saa nne na nusu kwa saa za eneo husika. Jua liko mashariki, kwa hiyo miteremko inayotazama magharibi iko gizani. Giza hilo husomeka kama maji au kama msitu mnene, kutegemea algoriti imefundishwa nini. Rekebisha mwanga kwa kutumia ramani ya miinuko. Njia iitwayo marekebisho ya C hufanya kazi vizuri vya kutosha. Angalia tu kwamba ramani ya miinuko ya SRTM ilipimwa kwa rada Februari 2000, na juu ya msitu mnene inaonyesha kimo kilicho karibu na vilele vya miti, si udongo. Ukingo wa msitu mrefu kwa hiyo unaweza kuonekana kama mteremko usiokuwepo. Na kama bonde ni refu na jembamba kiasi kwamba mwanga haufiki kabisa, hakuna hesabu itakayorudisha kilichokuwa hakijapimwa.

Rada inasema tofauti na picha

Watu huingia kwenye Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya, wakitegemea muujiza wa kuona chini ya mawingu, na kweli inaona chini ya mawingu. Lakini mawimbi yake ya bendi C yana urefu wa takriban sentimita 5.6, na hugota kwenye majani na matawi madogo ya juu. Shamba la mahindi lililokomaa au kichaka kizito hurudisha karibu sawa na msitu. Bendi L ya setilaiti za Kijapani za ALOS, yenye urefu wa takriban sentimita 24, huingia mpaka kwenye matawi makubwa na mashina, na kwa misitu ya wazi ndiyo ninayoipendelea.

Makosa ya kiufundi ni machache na hujirudia. Mojawapo ni kuchukua wastani wa desibeli, ambazo ni namba za logi: rudisha kwanza kwenye namba za kawaida, chukua wastani, ndipo ugeuze tena kuwa desibeli. Lingine ni kuchanganya picha za setilaiti ikipanda kaskazini na ikishuka kusini, jambo linaloleta mistari na milima yenye sura mbili. Mvua iliyonyesha saa chache kabla hubadilisha kila kitu. Msitu uliofurika maji hung'aa badala ya kufifia, kwa kuwa mawimbi hugonga maji kisha shina na kurudi. Na kama mfululizo wako unakonda ghafla mwishoni mwa Desemba 2021, Sentinel-1B iliacha kufanya kazi wakati huo.

Kila mpaka wa msitu umebadilika

Ukiona uzi mwembamba wa upotevu upande mmoja wa kila kipande cha msitu, na uzi wa ongezeko upande wa pili, picha mbili hazijakaa sawasawa. Nusu ya pikseli inatosha kuleta hali hiyo. Zilinganishe upya, au futa mabadiliko yenye upana wa pikseli moja.

Kama zilizosogea ni alama za GPS kutoka porini, pima umbali. Takriban mita 300 kuelekea kaskazini au kusini katika Kenya, Uganda au Tanzania ni dalili ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa majira wa ramani za eneo hilo, kuchanganywa na WGS84, ule wa GPS. Kama alama zimerukia kilomita 10,000, tatizo ni ukanda wa kusini na wa kaskazini wa UTM, mfumo unaopima mahali kwa mita: picha za Landsat hutolewa kwa ukanda wa kaskazini hata kusini mwa Ikweta, zikiwa na namba hasi, lakini Sentinel-2 hutumia ukanda wa kusini.

Usahihi ni asilimia 97, lakini ramani ni mbovu

Kuna njia mbili rahisi za kupata asilimia 97 bila kazi. Ya kwanza: chora poligoni, chukua pikseli zake, gawa nasibu sehemu ya kufundishia na sehemu ya kupimia. Pikseli mbili zinazopakana ndani ya poligoni moja ni karibu nakala, kwa hiyo mtihani unakuwa na maswali yaleyale ya somo. Gawa kwa poligoni nzima, au bora zaidi kwa maeneo yaliyo mbali.

Ya pili haihitaji hata algoriti. Kama msitu ni asilimia 95 ya eneo, ramani inayoita kila kitu msitu ina usahihi wa asilimia 95. Ndiyo maana namba moja ya usahihi wa jumla haifai kitu. Dai usahihi wa kila kundi, kwa makosa ya kuingiza (kuita msitu kisicho msitu) na makosa ya kuacha (kuukosa msitu uliopo).

Hapo ndipo tunafika kwenye hekta, na hapa wengi waliofanya vizuri hatua zote huanguka. Kuhesabu pikseli si kukadiria eneo. Tuseme ramani ina hekta milioni 1, na hekta 10,000 zimewekwa kama zilizofyekwa. Unapima alama 100 za nasibu ndani ya hizo, unakuta 80 ni kweli: hekta 8,000. Kwenye hekta 990,000 zilizobaki unapima alama 500, unakuta 2 tu zilizofyekwa ambazo ramani haikuziona. Mbili zinaonekana si kitu. Lakini 2 kati ya 500 ni asilimia 0.4, na asilimia 0.4 ya 990,000 ni hekta 3,960. Jumla inakuwa 11,960, wala si 10,000, na kwa uhakika wa asilimia 95 inaweza kupanda au kushuka kwa takriban hekta 5,500. Karibu mashaka hayo yote yanatoka kwenye zile alama mbili. Ukitaka kuyapunguza, ongeza alama kwenye sehemu iliyoitwa haijabadilika, hasa ukanda wa karibu na mashamba na barabara, ambako ufyekaji ulioachwa una uwezekano wa kuwepo.

Hekta zako hazilingani na za wengine

Kagua kwanza makadirio ya ramani. Ukipima eneo kwenye makadirio ya Mercator ya ramani za mtandaoni, kwenye latitudo ya nyuzi 20 utalizidisha kwa asilimia 13. Tumia makadirio yanayolinda eneo.

Baada ya hapo tatizo ni kigezo. FAO huhesabu msitu kuwa ardhi ya zaidi ya hekta 0.5, yenye miti inayozidi mita 5 na matawi yanayofunika zaidi ya asilimia 10. Makubaliano ya tabianchi ya Marrakesh ya mwaka 2001 yaliziruhusu nchi kujichagulia: hekta 0.05 hadi 1, asilimia 10 hadi 30, mita 2 hadi 5. Kwenye msitu wa mvua, kuhama kutoka 10 hadi 30 hakubadilishi sana. Kwenye misitu ya wazi, eneo kubwa lipo katikati ya namba hizo mbili, na nchi nzima inaweza kupata au kupoteza msitu bila shoka kunyanyuliwa. FAO pia inatazama matumizi ya ardhi: shamba la mpira ni msitu, la michikichi si msitu, na eneo lililovunwa linalosubiri kupandwa upya linabaki msitu. Setilaiti haioni nia. Data maarufu za upotevu wa miti zilizotolewa mwaka 2013 na Hansen na wenzake huhesabu upotevu wa mfuniko wa miti ya zaidi ya mita 5, iwe ya asili au ya kupandwa, na kwa hiyo kuzilinganisha na takwimu za serikali ni kulinganisha maswali mawili tofauti. Kumbuka pia kwamba hekta 0.5 ni takriban pikseli 6 za Landsat au 50 za Sentinel-2. Ramani yenye pikseli mojamoja zilizotapakaa bado haijatekeleza kigezo chochote. Ondoa vipande vidogo kuliko kiwango ulichoandika.

Msitu unakonda, ramani haioni

Uvunaji wa kuchagua huondoa mti mmoja hapa na mwingine pale, na mwanya uliobaki hufunikwa na majani mapya ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ramani za kila baada ya miaka mitano haziwezi kuuona hata ziwe nzuri namna gani. Unahitaji mfululizo mzito wa picha, pamoja na kuichambua kila pikseli katika sehemu zake: kiasi gani ni jani, kiasi gani udongo, kiasi gani mti mkavu, kiasi gani kivuli. Njia za magogo na viwanja vya kuyakusanyia huonekana kabla ya miti iliyokatwa kuonekana, hivyo zitafute hizo kwanza, kwa picha za mita 10 au ndogo zaidi, katika kiangazi kilekile cha uvunaji. Ukisubiri msimu unaofuata, udongo wa barabara utakuwa umeshaota.